Jina la mgombea wetu limewekwa mwisho kwenye karatasi ya kura. Je, tumeonewa?

"Mwalimu, shikamoo. Naishi kusini mwa Seattle, Kaunti ya King, jimbo la Washington. Mimi na mke wangu tulipata uraia mwaka jana na huu ndio uchaguzi wetu wa kwanza. Dada mmoja wa jumuiya yetu, mchungaji anayeheshimika, anagombea udiwani. Karatasi za kura za mchujo wa Agosti zimetufikia nyumbani na tumeshtuka. Wagombea wa kiti chake ni wanne, na jina lake liko chini kabisa, ingawa alijaza fomu siku ya kwanza asubuhi kabla ya wenzake. Neno 'Mchungaji' alilotanguliza kwenye jina wamelikataa. Hakuna chama kilichoandikwa kwa mgombea yeyote. Mmoja wa wale wanne alitangaza mwezi Juni kwamba amejitoa, lakini jina lake bado lipo. Kiti kingine cha udiwani chenye wagombea wawili hakimo kabisa, na watu wanasema hao wameshapita. Binamu yangu aliyeko Columbus, Ohio, anasema kwao majina yanazungushwa ili kila mgombea apate zamu ya kukaa juu, na kwamba kaunti yetu imevunja sheria. Wengine wanasema ni kwa sababu ya jina lake la kigeni. Tufungue malalamiko? Na akipata zaidi ya nusu ya kura Agosti hii, si atakuwa ameshinda moja kwa moja?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongereni wewe na mkeo kwa uraia. Umeuliza mengi, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona hofu moja: kwamba kuna mtu ofisini aliyeona jina geni akalisukuma chini, akalivua heshima yake, akapanga mambo kwa namna ya kumwangusha. Kwa haya uliyoyaeleza, sioni dalili hiyo. Kila kimoja kina kanuni yake katika sheria za Washington, na kanuni hizo zimewabana wote wanne sawasawa. Hata hivyo sitaki umalize kusoma hapa ukatulia tu, kwa sababu ipo sehemu ambayo kura za watu wetu zinapotea kweli. Sehemu hiyo haiko kwenye orodha ya majina, na nitaifikia.

Nianze na suala la vyama, maana ndilo linalowachanganya wengi waliotoka kwetu. Kenya mchujo ni wa chama: wanachama wanachagua nani apeperushe bendera. Tanzania kuna kura za maoni ndani ya chama, na bila chama hugombei kabisa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilisema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika mfumo huo akisikia "mchujo" anatafuta chama kwanza. Washington, udiwani wa mji ni nafasi isiyo ya chama kwa mujibu wa sheria ya jimbo, sawa na ujumbe wa bodi ya shule. Dada yenu anaweza kuwa mwanachama wa chama chochote, anaweza kuungwa mkono na chama hicho na kukitangaza kwenye vipeperushi vyake. Kwenye karatasi ya kura halichapwi neno lolote la chama, kwake wala kwa wenzake. Wala hakuna anayemtaka awe Mdemokrati kwanza. Mpiga kura naye hajiandikishi kwa chama katika jimbo hili, hivyo kila mpiga kura wa eneo husika anapata orodha ileile ya wanne na anachagua mmoja.

Kazi ya mchujo wa namna hii ni moja tu: kupunguza wagombea wabaki wawili. Ni kama nusu fainali. Timu zikiwa mbili tu, hakuna haja ya nusu fainali, zinasubiri fainali. Sheria inasema kwamba kama baada ya siku ya mwisho ya kujitoa kiti kina wagombea wasiozidi wawili, mchujo wa kiti hicho haufanyiki, na majina yao yanakwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya Novemba. Wale wawili unaowasikia kwamba "wameshapita" hawajapita popote. Watapambana Novemba kama wengine.

Kwa nini basi kiti kimoja cha halmashauri kimo na kingine hakimo? Kwa sababu viti vinapewa namba kabla ya wagombea kuanza kujaza fomu, na kila mgombea anachagua namba ya kiti anachokitaka. Hesabu ya wagombea inafanywa kwa kila kiti peke yake. Hili linafaa kukumbukwa na yeyote katika jumuiya anayefikiria kugombea siku zijazo: katika mji ule ule, wiki ile ile, mtu mmoja anaweza kujikuta kwenye kinyang'anyiro cha wanne na mwenzake akaenda Novemba bila mchujo wowote, kwa tofauti ya namba ya kiti tu.

Swali lako la mwisho linajibika hapa hapa. Hapana, akipata zaidi ya nusu Agosti hajashinda. Hata akipata asilimia 70, ataingia Novemba akiwa na mshindani mmoja. Nadhani wazo hilo limetoka California, ambako mgombea wa ujumbe wa halmashauri ya kaunti akivuka nusu kwenye mchujo anahesabiwa amechaguliwa, mambo yakaisha. Kila jimbo Marekani lina sheria zake za uchaguzi, na ndiyo sababu taarifa ya ndugu aliyeko jimbo jingine, hata akiwa mkweli kabisa, inaweza kukupoteza.

Sasa mpangilio wa majina. Washington inatumia kura ya bahati. Uandikishaji wa wagombea ukifungwa, ofisi ya uchaguzi inachezesha bahati nasibu kwa kila kiti kupata nani awe wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Inafanywa hadharani, na mgombea yeyote pamoja na waandishi wa habari wanaruhusiwa kuhudhuria na kushuhudia. Aliyejaza fomu Jumatatu asubuhi na aliyejaza dakika ya mwisho Ijumaa jioni wanaingia kwenye bahati nasibu hiyo wakiwa sawa kabisa. Kuwahi kwa dada yenu hakukumsaidia, na hakukukusudiwa kumsaidia mtu. Kama nafasi ya juu ingetolewa kwa anayewahi, wenye wasaidizi na muda wangekuwa wanakesha mlangoni. Kama ingetolewa kwa aliyeko madarakani, ingekuwa mbaya zaidi: California waliwahi kuwa na utaratibu wa namna hiyo katika mji wa Santa Monica, ambapo diwani anayetetea kiti anawekwa juu, na Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ikaufuta mwaka 1975 kwa kuwa unawanyima wengine haki sawa.

Binamu yako wa Ohio hajakudanganya. Kwao kuzungusha majina kumeandikwa mpaka kwenye katiba ya jimbo: karatasi za eneo moja zinaanza na jina hili, za eneo linalofuata zinaanza na jingine, mpaka kila mgombea apate sehemu yake ya kukaa juu. Washington haizungushi. Mpangilio uliotoka kwenye bahati nasibu ndio unaochapwa kwenye karatasi zote za kiti hicho. Kaunti yenu isingeweza kuiga Ohio hata ingependa, maana ingekuwa inavunja sheria ya jimbo lake.

Utaniuliza kama utaratibu huu ni wa haki. Maoni yangu ni kwamba wa Ohio ni wa haki zaidi. Bahati nasibu inawapa wote nafasi sawa kabla haijachezwa; ikishachezwa, mmoja anabeba faida yote na mwingine hasara yote. Na faida hiyo ipo. Watafiti Joanne Miller na Jon Krosnick walichambua uchaguzi wa Ohio wa mwaka 1992, wakitumia ule uzungushaji wa majina kulinganisha kura za mtu mmoja akiwa juu na akiwa chini. Katika karibu nusu ya vinyang'anyiro walivyovipima, kuwa wa kwanza kulimwongezea mgombea kura, kwa wastani wa asilimia mbili na nusu hivi. Athari ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo karatasi haikuonyesha chama, yaani uchaguzi kama huu wenu hasa. Upande wa pili, kuzungusha kuna gharama: matoleo mengi zaidi ya karatasi, kazi zaidi ya kusahihisha chapa, kazi zaidi ya kuzipanga mashine za kuhesabia. Mimi naona gharama hiyo inastahili kulipwa. Lakini anayeweza kulibadilisha hilo ni bunge la jimbo kule Olympia. Karani wa kaunti hana uwezo huo, na kumlalamikia yeye hakutafika popote.

Tazama pia faida hiyo inatoka kwa nani. Inatoka kwa mpiga kura ambaye hamjui yeyote kati ya wanne, hana chama cha kumwongoza, anatia alama jina la kwanza na kuendelea na mengine. Mtu anayemjua dada yenu atashuka mpaka chini kulitafuta jina lake. Kwa hiyo kazi yenu ni kuhakikisha watu wanalijua jina hilo kama lilivyochapwa. Nasisitiza kama lilivyochapwa, kwa sababu jumuiya zetu zina tabia ya kumwita mtu Mama Fulani miaka kumi bila kujua jina lake la ukoo. Nimekutana na wapiga kura walioshika karatasi mezani, wakasoma majina yote mara mbili, wakasema mgombea wao ameondolewa, kumbe yumo. Ni kwamba hawakuwahi kulisikia jina lake la kwenye vitambulisho. Pigeni picha sehemu ya jina lake kutoka karatasi ya mfano, muisambaze kwenye kikundi chenu cha WhatsApp, muwaambie watu: huyu hapa, mstari wa nne.

Neno "Mchungaji" linanileta kwenye kanuni ya majina. Sheria inamruhusu mgombea kutumia jina la utani analofahamika nalo mahali pa jina la kwanza, ila jina la ukoo lazima liwe lile aliloandikishia kupiga kura. Inakataza jina lolote linaloonyesha kazi ya mtu ya sasa au ya zamani, cheo cha jeshi kikiwemo, linaloonyesha msimamo wake katika jambo fulani au chama chake, lenye matusi, au lililokusudiwa kupotosha. Uchungaji ni kazi. Daktari angekataliwa, sajenti mstaafu angekataliwa, kocha wa mpira wa shule naye vilevile. Mantiki yake ni kwamba kwenye karatasi isiyo na vyama, neno moja la heshima mbele ya jina lina nguvu kubwa kupita kiasi, na wote wangelikimbilia. Sijui raia yeyote wa kwetu anayefurahia kuona mchungaji wake ametajwa jina kavukavu, na ninaelewa mlivyojisikia. Mahali pa kueleza huduma yake ni kijitabu cha wapiga kura kinachotumwa majumbani, ambamo kila mgombea anapata nafasi ya picha na maelezo yake, na kwenye mabango na vipeperushi vyake mwenyewe.

Kuhusu yule aliyejitoa mwezi Juni, tazama kalenda ya uchaguzi huu wa 2025. Wagombea walijaza fomu kuanzia tarehe 5 mpaka 9 Mei. Siku ya mwisho ya kujitoa ni Jumatatu inayofuata, yaani tarehe 12 Mei. Baada ya hapo mlango umefungwa. Haraka hiyo yote inatokana na karatasi zenyewe. Za askari na raia walioko nje ya nchi lazima zitumwe siku 45 kabla ya uchaguzi, na kwa mchujo wa tarehe 5 Agosti hiyo inaangukia tarehe 21 Juni. Za wengine wote zinatumwa siku zisizopungua 18 kabla. Katikati ya Mei na Juni ofisi inapaswa kumaliza bahati nasibu, kuandaa toleo la karatasi kwa kila mchanganyiko wa maeneo, kusahihisha tahajia ya kila jina, na kuchapa. Na huo mchanganyiko ni kazi, maana majirani wawili wanaotazamana barabarani wanaweza kuwa mji mmoja lakini wilaya tofauti za shule, hivyo wakapokea karatasi tofauti. Usishtuke ukiona ya jirani yako ina kiti ambacho yako haina.

Aliyetangaza kujitoa Juni, basi, ametangaza kwa mdomo tu. Kisheria bado ni mgombea, kura zake zitahesabiwa, na akiwa kati ya wawili wa juu ndiye atakayekwenda Novemba. Kama kuna watu katika jumuiya wanaompenda na hawajui kwamba ameacha kampeni, waambieni mapema.

Sasa, mfungue malalamiko? Kwa mpangilio, kwa cheo na kwa jina la aliyejitoa, ushauri wangu ni hapana. Sheria inampa mpiga kura haki ya kwenda mahakamani na kiapo kama jina la mgombea limekosewa au limesahauliwa kwenye karatasi, lakini kwa mchujo kiapo hicho kinatakiwa kifike kabla ya kupita Ijumaa ya pili baada ya uandikishaji wa wagombea kufungwa. Kwa uchaguzi huu wa 2025 hiyo ilikuwa tarehe 23 Mei. Mambo manne yanastahili simu kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti leo hii: jina lake limeandikwa kwa tahajia isiyo yake, kiti mnachostahili kukipigia kura hakimo, karatasi imekuja na anwani yenu ya zamani, au haijafika kabisa. Karatasi mpya unapewa bure. Na kama kuna mtu alimwambia dada yenu maneno ya kumdharau kwa asili yake, au alimnyima huduma waliyopewa wenzake, hilo ni jambo zito la namna nyingine. Aandike tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, kisha amwone mwanasheria ana kwa ana. Asilichanganye na suala la mstari wa nne, maana litapoteza uzito wake.

Niliahidi kusema kura zetu zinapotea wapi. Zinapotea kwenye bahasha.

Washington nzima inapiga kura kwa posta. Karatasi ukishaijaza unaitia kwenye bahasha ya kurudishia, na nyuma ya bahasha kuna tamko lenye mstari wa saini. Saini hiyo ndiyo kitambulisho chako. Mfanyakazi wa kaunti anailinganisha na saini iliyomo kwenye kumbukumbu, na zisipofanana kura yako inawekwa kando mpaka uthibitishe kwamba ni wewe. Mwaka 2022 Mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti juu ya uchaguzi mkuu wa 2020. Alikuta kwamba kura za wapiga kura weusi zilikataliwa kwa kiwango mara nne ya zile za wazungu. Hakupata ushahidi kwamba wahakiki walipendelea, lakini tofauti yenyewe ipo. Ilipo tofauti ya namna hiyo, kila bahasha inayookolewa katika jumuiya yetu ni kura halali iliyohesabiwa, na kwenye mchujo wa mji, ambao wapiga kura huwa wachache, kura chache zinaamua nani awe wa pili na nani awe wa tatu.

Hebu fikiria mama wa makamo wa kwetu. Siku aliyokwenda kuchukua leseni ya udereva alisaini kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo kidogo, akiwa na haraka, ikatoka kama mkwaruzo. Saini hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyoko kwenye kumbukumbu za kaunti. Leo amekaa mezani kwake, ameona hili ni jambo kubwa la kiserikali, amevaa miwani, anaandika majina yake matatu kwa herufi kubwa moja moja, safi kabisa. Uangalifu wake wenyewe ndio unaomponza. Mwingine aliandikishwa akiwa na jina la ukoo la baba yake na sasa anasaini la mume. Mwingine mume amemsainia mke kwa sababu "sisi ni kitu kimoja". Hilo lisifanyike hata siku moja, kila mtu asaini bahasha yake.

Dawa yake ni rahisi. Mtu asaini kama anavyosaini leseni yake. Kama haikumbuki, aitoe aitazame. Aandike namba ya simu kwenye bahasha pale palipotengwa. Baada ya kuituma aifuatilie kwenye tovuti ya ofisi ya uchaguzi aone kama imepokelewa na kukubaliwa. Saini ikitiliwa shaka, kaunti itamtafuta kwa barua au simu, na ana mpaka siku moja kabla ya matokeo kuthibitishwa kurekebisha. Kwa mchujo, uthibitisho huo unafanywa siku 14 baada ya uchaguzi. Barua hizo zinafanana na barua nyingine zote za serikali, na wengi wetu huziweka juu ya friji tukisubiri mtoto arudi shule atusomee. Nakuomba hili ulibebe wewe: ndani ya wiki mbili zinazofuata tarehe 5 Agosti, kabla matokeo hayajathibitishwa, pitia watu wa jumuiya mmoja mmoja uwaulize kama wamepokea barua kutoka kwa kaunti.

Kiswahili hakimo kwenye karatasi zenu, na wengi wananiuliza kwa nini Kisomali kimo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 kuhusu lugha za kura inahusu Kihispania, lugha za Asia na lugha za wenyeji wa Marekani na Alaska. Lugha za Afrika haiwezi kuzigusa, tuwe wengi kiasi gani. Kisomali kimo kwa sababu Kaunti ya King yenyewe iliamua kukiongeza, na njia hiyo iko wazi kwetu pia tukiidai kwa halmashauri ya kaunti. Kwa sasa mzee asiyesoma Kiingereza ana haki, kwa sheria ya shirikisho tangu mwaka 1982, kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Anaweza kuwa mtoto wake, jirani, hata wewe. Hatakiwi kuwa mwajiri wake au mtu aliyetumwa na mwajiri, wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi.

Kusaidia ni kusoma kilichoandikwa na kutia alama anapoelekeza mwenye kura. Kumchagulia hakumo. Nasema hivi kwa sababu nimesikia mipango ya watu kukusanyika ukumbini baada ya ibada na kujaza karatasi kwa pamoja. Kukutana kujifunza ni vizuri, lakini tumieni karatasi za mfano, na dada yenu mwenyewe asiwe mezani watu wanapojaza za kweli. Mtu mzima anayeogopa kumvunjia heshima mchungaji wake hayuko huru, hata kama hakuna aliyemlazimisha.

Jambo moja naliweka kwa uzito wote. Asiye raia asipige kura, hata kama ana kadi ya kijani ya miaka mingi, hata kama karatasi imekuja na jina lake kwa makosa. Kura moja inaweza kumgharimu haki ya kubaki nchini. Akipokea karatasi asiijaze, asiisaini. Amwone wakili wa uhamiaji ana kwa ana kabla ya kumjibu mtu yeyote, na kabla ya kuomba uraia kama huko nyuma aliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Hili halifai kushauriwa kwa maandishi kama haya.

Kujaza kwenyewe ni kwepesi. Kila kiti alama moja. Ukitia mbili, kura ya kiti hicho haihesabiwi, ingawa za viti vingine zinabaki salama. Ukikosea, piga mstari katikati ya chaguo ulilokosea na utie alama lile unalolitaka. Bahasha haihitaji stempu. Ukitumia sanduku la kura la kaunti, una mpaka saa 2 usiku wa siku ya uchaguzi. Ukitumia posta, muhuri wa posta lazima uwe wa tarehe 5 Agosti au kabla, na barua iliyoangushwa jioni inaweza kugongwa muhuri wa kesho yake. Kwa hiyo siku za mwisho nendeni sandukuni.

Akivuka, kuna jambo litakalokufurahisha. Novemba hakuna bahati nasibu kwa kiti kilichopitia mchujo: aliyeongoza Agosti jina lake linachapwa kwanza, aliyemfuata linachapwa la pili. Akiwa wa tatu, basi kiti hicho kimemalizika kwake mwaka huu, kwa sababu aliyekuwa kwenye karatasi ya mchujo haruhusiwi kurudi Novemba kwa kiti kilekile kama mgombea wa kuandikwa kwa mkono. Wapo watakaowaambia watu waipuuze Agosti na kumsubiri Novemba. Waeleze hili kabla hawajaitupa bahasha.